Mafundo Saba

Kilikaa darini, ndani ya kitambaa cha njano
kilichofungwa mafundo saba. Mto ulipofurika
kilitangulia kupanda mtumbwini, kisha bibi, kisha watoto.
Mbuzi waliogelea.

Hivyo alinisimulia Mek Jenab, akitafuna tambuu,
mguu mmoja kaunyoosha mkekani kwa ajili ya goti.
"Sijui kimeandikwa nini. Najua kukibusu.
Mama alikibusu. Usiku wa Ijumaa tunakifukizia ubani;
mtoto akishikwa na homa tunakilaza chini ya mto wake.
Wengine hupona."
Alisema *wengine* bila kupepesa. Nikampenda papo hapo.

Mimi Hanisah, wa maktaba ya Kota Bharu:
brashi laini, taa ndogo, rula, kamera,
na barua yenye mhuri inayoniita mtaalamu.
Nilinawa mikono mara mbili.
Fundo la saba lilinichukua nusu saa,
na harufu ya karafuu ikanipanda hadi machoni.

Nilipouinua ukurasa mbele ya taa
miezi mitatu miembamba ikachomoza ndani ya karatasi,
alama ya kiwanda cha nchi ya baridi
ambayo mwandishi hakuwahi kuiota.
Herufi za Kiarabu, maneno ya nyumbani:
*fa* kaongezewa nukta mbili, akatamka *pa*;
*ain* kavikwa nukta tatu, akaghuna *nga*.
Ulimi wetu ulikuwa na sauti zisizo na herufi,
na mababu hawakuukata ulimi.
Waliongeza nukta.

Mek Jenab alisubiri dua.
Mimi pia.

*Awang Leh: nyati wawili wa kulimia. Karudisha kamba.*
*Mjane Somah: vibaba arobaini vya mpunga. Hana.*
*Dolah wa ng'ambo: riale tatu za harusi ya mwanawe.*
*Harusi imevunjika. Riale hazijarudi.*

"Dua gani hiyo?"

Dawa ya deni ni kulipa; dawa ya swali sikuijua.
"Ni madeni, Mek."

Tambuu ikasimama shavuni.
Kisha akacheka mpaka akalishika goti:
"Miaka yote hii! Kumbe tunafukizia nyati!"
Kicheko kilipokwisha akageukia dirishani.
Kule nje kitukuu wa Awang Leh
alikuwa juu ya paa lake, misumari mdomoni,
akimzibia pa kuvuja. Hajawahi kudai hata chai.

Ukurasa wa mwisho mwandiko unatetemeka:
*Mimi Deraman, kifua kinanibana.
Yote yaliyomo nimesamehe, mbele ya Mungu na ya mke wangu.
Kitabu hiki kisifunguliwe,
wana wao wasije wakainamisha macho mbele ya wanangu.*

Basi ndiyo hiyo.
Katazo liliishi, sababu ikafa njiani,
na katazo lisilo na sababu
watu hulitafutia kitambaa cha njano.

"Mbona hakukichoma?" nikauliza.
Mek Jenab akatema tambuu koponi.
"Alitaka mtu mmoja, siku moja, ajue kwamba alisamehe.
Wanaume."

Akakifunga mwenyewe. Nilihesabu mafundo:
manane.

Usiku ule nilijaza fomu.
*Kurasa: thelathini na mbili. Wino: wa masizi.
Karatasi: ya kuagizwa, alama ya miezi mitatu.
Yaliyomo: hesabu za kijiji.
Majina ya wadaiwa:*
hapo kalamu ilikaa hadi feni ikazimika na umeme ukarudi.
Nilifundishwa kwamba msomi haongopi.
Nilifundishwa pia, na watu wengine, mambo mengine.
Nikaandika: *yameliwa na wadudu.*

Hakuna mdudu aliyewahi kukigusa kitabu kile.
Karafuu na pilipili manga zilikilinda
kuliko chumba chetu chote chenye kiyoyozi.

Na wewe unayesoma, usihangaike kumtafuta kijijini.
Hata Awang Leh
si Awang Leh.